Siku Dudu Alipopiga Kura

Asubuhi ya mwisho ya kawaida ilikuwa ya kuchambua maharagwe.

Wakonyo alikaa mlangoni kwenye kigoda, uteo magotini. Mumewe, Githinji, alikaa kando yake kwenye debe lililopinduliwa, sahani mkononi. Watu wa viwandani walikuwa wakipita kwenda kazini, wengine wakisalimu, wengine wakichungulia kama chai ipo. Githinji alipewa kazi ya kutoa mawe. Yaliyobaki yote yalikuwa kazi ya mkewe, kwa sababu macho ya Githinji, kama alivyosema mwenyewe kila siku, yalikuwa ya kuangalia barabara.

"Baba Mumbi, hiyo umeacha ni nini?"

"Haragwe."

"Iko na tundu."

"Katundu kadogo tu."

"Tundu ni tundu. Mtoto hapewi kura iko na tundu."

Githinji akalitupia kuku. Alikuwa mtu wa miaka sabini na miwili, hajawahi kukaa darasani hata siku moja, na hakuwa amewahi kusikia kura ikichambuliwa. Zile alizopiga yeye maisha yake yote alizipiga zilivyo, na wadudu wake ndani.

Maharagwe hayo yalikuwa ya kwao, kutoka kishamba chao cha Gatuanyaga, ya msimu huo huo, mekundu, yaking'aa kama yamepakwa mafuta. Wakonyo alipomaliza aliyafunga kwa leso, akaning'iniza kifunguo cha stoo kiunoni, akamwambia mumewe chai iko kwa thamosi, akaenda zake. Basi. Mtu haambiwi kwamba hii ndiyo ya mwisho. Angeambiwa, angeinywa hiyo chai polepole.

Wakonyo alikuwa mpishi wa shule moja ya msingi huko Landless, mtaa wa Thika. Jina la shule tuliache. Shule haina kosa, ni kuta na watoto.

Alizaliwa Gatuanyaga, mahali mvua hupita ikienda kwa wengine. Alisoma mpaka darasa la nne, baba yake akasema inatosha, msichana akijua kuhesabu mbuzi amesoma. Akachuma kahawa upande wa Ruiru, akaolewa na Githinji, aliyekuwa akipakia magunia kiwandani, mtu wa mgongo mpana na maneno machache. Walikaa miaka mingi bila mtoto, kisha wakapata mmoja, Mumbi, ambaye siku hizi yuko Ruiru na mume na saluni. Mumbi alipoingia darasa la kwanza, mama yake aliingia jikoni mwa shule hiyo hiyo kwa kibarua cha wiki mbili. Mumbi akamaliza, akatoka. Mama akabaki miaka thelathini na mmoja.

Katika wiki yake ya kwanza, mtoto mmoja aliuma jiwe kwa githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, jino likatoka. Lilikuwa jino la utoto, lilikuwa limening'inia siku tatu, na mwenye jino alifurahi sana. Wakonyo hakufurahi. Toka siku hiyo hakuna punje iliyoingia sufuria yake kabla ya kupita mbele ya macho yake. Walimu wakuu sita walikuja wakaenda, kila mmoja na mipango yake ya kuinua shule. Shule haikuinuka, lakini pia hakuna jino lingine lililotoka. Watoto walimwita Cucu, yaani nyanya, hata wale ambao nyanya zao walikuwa wa kabila lingine na waliitwa jina lingine.

Maharagwe ya stoo yaliletwa na mwenyekiti wa bodi ya shule, bwana Kinuthia, mwenye duka la nafaka. Yalikuwa maharagwe ya umri mkubwa. Ukiinua gunia, lilikuwa jepesi kuliko linavyoonekana, na ukilitegea sikio ungesikia watu wakitafuna ndani. Wakonyo hakulalamika. Alichambua. Nusu iliingia sufuria na nusu ilienda kwa kuku, na ndiyo maana kuku wa Landless walinenepa kuliko watoto.

Sasa akaja mwalimu Wainaina. Kijana, viatu vyenye ncha, alifundisha Sosho, lile somo la mambo ya jamii na serikali. Alifundisha kwa moyo, kosa ambalo walimu wakubwa walikuwa wameshaacha. Akawaambia gredi ya tano kwamba serikali ina mikono mitatu. Watoto wakauliza ni upi unaoshika mwiko. Akawaambia kiongozi ni mtumishi wa wananchi. Wakaandika. Akawaambia raia mwema hulinda mali ya umma. Wakaandika pia, kwenye madaftari waliyokuwa wakiyaegemeza magotini, kwa sababu madawati yalikuwa yamehamia kusikojulikana tangu mkutano fulani wa hadhara.

Kisha akaona kuandika hakutoshi. Shule ingekuwa na Serikali ya Wanafunzi, yenye rais, gavana wa kila darasa, waziri wa maji japo mfereji ulikuwa umekauka tangu Pasaka, na waziri wa vyoo, cheo ambacho hakuna aliyekitaka. Rais angechaguliwa na watoto wote, mpaka wale wadogo wa nasari ambao bado walikuwa wakivaa viatu kinyume.

Waliojitokeza ni wawili. Wa kwanza ni Becky, msichana wa gredi ya tano, mamake huuza mitumba. Alikuwa na ahadi moja tu: wadogo wapewe chakula kwanza, kwa sababu wakubwa huwasukuma mpaka githeri inaishia kwa sweta. Wa pili alikuwa mtoto wa mwenyekiti Kinuthia. Naye aliitwa Kinuthia lakini wote walimwita Junia. Junia aliahidi bwawa la kuogelea, basi la shule na safari ya kuona ndege zikipaa. Picha zake zilibandikwa hadi kwenye mlango wa choo. Aligawa peremende kutoka mfuko ambao mtoto wa gredi ya tano hawezi kuubeba peke yake. Watoto wakala peremende, wakamuuliza maji ya bwawa yatatoka wapi. Junia akasema hilo litaangaliwa. Alikuwa na miaka kumi na moja na alikuwa ameshaiva.

Wakonyo hakuwa na upande. Alisema mpishi akianza kupenda sahani moja, ile nyingine italala njaa.

Lakini mwalimu Wainaina alikuja kwake na shida. Wa nasari hawajui kusoma, watapigaje kura? Wakonyo akafikiri akigeuza ugali. Akasema wapewe punje. Kila mtoto apewe punje moja ya mahindi na moja ya maharagwe. Mahindi ni ya Becky, maharagwe ni ya Junia. Mtoto aende nyuma ya leso, atie anayotaka kwa mtungi, ile nyingine aiache kwa ndoo. Hakuna atakayejua ametia gani. Na wakimaliza kuhesabu, kura zitaingia sufuria, ziwe githeri, wote wale, hasira iishe.

Wainaina alisema hata vitabuni hajaona mpango kama huo. Wakonyo akasema vitabu havipiki.

Ndiyo sababu alitoa maharagwe ya nyumbani. Ya stoo asingeweza kumpa mtoto mkononi akamwambia hii ni sauti yako.

Ijumaa hiyo watoto walipanga laini tangu asubuhi. Leso ya Wakonyo ilitundikwa kwenye mti wa jacaranda, na nyuma yake kulikuwa na mtungi wa njano uliokatwa shingo. Wadogo waliingia mmoja mmoja. Wawili walikula kura zao. Mmoja aliitia puani, Wakonyo akaitoa kwa kumbana upande mwingine wa pua, akampa nyingine safi. Hakukuwa na fujo. Githinji, aliyepeleka kuni saa nne, alisimama uani akaangalia, na alipofika nyumbani alisema hajawahi kuona uchaguzi ambao watu wanarudi wakicheka.

Waliyemngoja ni mheshimiwa, mwakilishi wa wadi. Mwalimu mkuu alikuwa amemwalika aje aone demokrasia. Mheshimiwa alisema saa tano. Saa sita alisema yuko karibu. Saa saba alisema yuko getini, na hakuwa hata Thika. Mwalimu mkuu akaamuru mtungi uwekwe ofisini mwake kwa usalama, mtungi ukaingia humo ukiwa na kura, na usalama ukaanza.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayetaka kuhamishiwa shule kubwa, na mwenyekiti Kinuthia alikuwa anajua watu. Wawili hao walikaa ofisini, mlango umefungwa. Baada ya muda mwalimu mkuu akaja jikoni mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akamwomba Wakonyo kifunguo cha stoo. Mheshimiwa anakuja, alisema, na ofisini hakuna sukari ya chai.

Wakonyo akakifungua kiunoni, akampa. Kikarudi baada ya nusu saa.

Mheshimiwa akafika saa nane na gari mbili. Akaletewa chai. Akasema bila sukari tafadhali, ana ugonjwa wa sukari, mwaka wa sita huu, wadi nzima inajua.

Wakonyo alikuwa hapo na trei. Alisikia. Alimwangalia mwalimu mkuu kama anavyoangalia gunia jepesi.

Watoto wakakusanywa. Mheshimiwa akasema uchaguzi huu umekuwa huru na wa haki, na kura zilikuwa hazijahesabiwa. Mwalimu Wainaina akamwaga mtungi juu ya meza, watoto wakanyoosha shingo, na maharagwe yakamwagika mengi, yakayafunika mahindi. Wainaina akayatawanya kwa kiganja, akayatazama. Kisha akaanza kuhesabu kwa sauti, watoto wakimfuata. Mwenyekiti Kinuthia alikuwa ameshamsimamisha Junia karibu na kipaza sauti.

Wakonyo akasogea mezani na mwiko wake. Akaokota haragwe moja. Akaligeuza. Akaokota lingine. Akarudisha la kwanza, akaokota la tatu.

"Mwalimu," akasema, sauti ya jikoni, ya chini. "Hizi si zangu."

Mwalimu mkuu akacheka kwa ajili ya wageni. "Mama, kura ni kura. Haziandikwi jina."

"Zangu nilichambua na mzee wangu asubuhi. Hizi ziko na tundu."

Sasa hapa ndipo kosa lenyewe lilipo. Mtu mwingine angeiba kura na asijulikane mpaka kiama. Lakini hawa walikuwa wanaume wawili waliokula githeri zaidi ya miaka hamsini bila kuchambua haragwe hata moja. Kwao haragwe ni haragwe. Waliingia stoo, wakachota bakuli zima kutoka gunia la Kinuthia mwenyewe, wakamwaga kwa mtungi, wakafuta mikono. Hawakuangalia. Hawakujua kuna kitu cha kuangaliwa.

Wakonyo akaweka haragwe moja juu ya meza, mbele ya mheshimiwa, akalibana na kucha ya kidole gumba. Likapasuka. Ndani akatoka dudu mdogo mweusi, akasimama kidogo kama mtu aliyeamshwa, akaanza kutembea kwenye kitambaa cheupe akielekea kipaza sauti.

Kwa laini ya nasari kukatoka sauti nyembamba. "Cucu, hata dudu amepiga kura!"

Watoto mia nne wakacheka. Walicheka mpaka wale wa nyuma ambao hawakuona kitu walicheka kwa ajili ya wa mbele. Mwalimu Wainaina alijifanya anatafuta kalamu. Becky peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia ile meza kama mtu anayesoma.

Mwalimu mkuu akashika kipaza sauti. Akasema Junia amechaguliwa, watu wakubali, tusonge mbele. Akasema mama, peleka kura zote jikoni zipikwe, watoto wana njaa na wageni pia.

Hapo uone akili. Kura ikishaliwa, utaihesabu wapi?

Wakonyo alizibeba kwa karai. Lakini alipofika jikoni hakuzitia sufuria. Alikaa kwenye kigoda, akavuta uteo, akachambua. Watoto wakangoja. Mheshimiwa akangoja, akiangalia saa, na pengine ilikuwa mara yake ya kwanza kungojea watu. Punje moja moja. Yenye tundu aliitia kwa mkebe mdogo wa mafuta ya kupikia. Mkebe ukajaa mpaka juu. Mahindi na maharagwe safi yakaingia sufuria pamoja na chakula cha siku, na githeri ikaiva jioni. Mheshimiwa akala sahani mbili akasema ni tamu sana. Junia akaapishwa akishika kitabu cha Sosho.

Githinji alipoona mkebe huo nyumbani aliuliza ni wa nini. Wakonyo akasema uache ukae.

Jumatatu Wakonyo aliitwa ofisini. Githinji alimsindikiza, akakaa kwenye benchi la nje, mlango ukiwa wazi kidogo. Ndani kulikuwa na mwalimu mkuu na mwenyekiti Kinuthia, na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Walimweleza kwa upole. Karatasi inasema kwamba mpishi, kwa uzee na kwa bahati mbaya, alichanganya maharagwe ya stoo na ya kura. Hakuna anayemlaumu. Aweke sahihi tu, aendelee na kazi yake. Asipoweka, bodi itaona kwamba mpishi anayewapa watoto maharagwe yenye wadudu hafai kuwa jikoni.

Yaani achague. Aseme yeye ndiye aliyechafua sufuria, abaki nayo. Au aseme hakuichafua, aiache.

Wakonyo akatoka nje kumwangalia mumewe. Githinji alifikiria kodi ya nyumba, na miaka yake, na magoti yake. Alifikiria mengi, akasema machache, kama kawaida yake, na yale machache yalikuwa mabaya.

"Mama Mumbi, weka kidole tu. Ni maharagwe."

Wakonyo akamrekebishia kola ya shati. Hakumkasirikia. Afadhali angekasirika. Akarudi ndani, akasimama, hakukaa. Akasema neno moja, la pumzi moja, na Githinji akalisikia lote pale kwenye benchi. Mwalimu mkuu akafunga kalamu. Kinuthia akaangalia dirisha kama mtu anayengojea mvua. Kisha Wakonyo akafungua kifunguo kiunoni, akakiweka juu ya karatasi isiyo na sahihi, akatoka.

Njiani, Githinji alitaka kusema kitu mara tatu. Mara zote tatu walikuwa wanavuka barabara.

Baada ya hapo asubuhi ziliendelea kuja, lakini hazikuwa za kawaida. Wakonyo aliamka saa kumi na moja bila pa kwenda. Alichambua maharagwe ya watu wawili kwa muda uliotosha watu mia nne. Mpishi mpya aliletwa, binamu ya Kinuthia, hodari sana. Hakuchambua kitu. Watoto wakajifunza kula kwa kutafuta, kila mmoja akichambua kwa ulimi, na waziri wa afya wa Serikali ya Wanafunzi hakutoa taarifa.

Mwalimu Wainaina naye alihamishwa mahali pa mbali, kwa sababu alihitajika huko zaidi. Somo likachukuliwa na mwalimu mwingine ambaye alisoma kitabu kilivyo, na kitabu kilikuwa kimya.

Siku moja Becky alikuja nyumbani kwao kwa miguu na wenzake wawili na wadogo wao, na karatasi ya mtihani. Githinji hakujua kusoma na Wakonyo alikuwa amepoteza miwani, basi Becky akasoma mwenyewe. Swali la saba lilikuwa: Nani hulinda kura nchini? Jibu la kitabu lilikuwa tume ya uchaguzi. Gredi ya tano nzima walikuwa wameandika Cucu. Mwalimu alikuwa ametia mkasi mwekundu, alama ya kukosa, kwa kila mmoja, watoto thelathini na nane, na kwa wa mwisho wino ulikuwa umepauka.

"Cucu, tumefeli juu yako," Becky akasema.

Wakonyo alicheka mpaka akashika ukuta. Akawaambia wajinga nyinyi, mngeandika jibu la mwalimu mpate maksi. Kisha akawapikia githeri, na aliwapa wadogo kwanza.

Huo ndio ulikuwa mwezi wa pili tangu aache jikoni. Mwezi wa tatu alienda Gatuanyaga kupalilia, presha ikampanda, akaanguka katikati ya maharagwe. Watu wa boda walimkimbiza hospitali. Mumbi alifika kutoka Ruiru akiwa bado na aproni ya saluni. Githinji alifika mwisho, kwa sababu alikuwa amesimama kwanza kufunga mlango, na kifunguo kilikataa. Alimkuta ameshafunikwa.

Watu walisema ni kwa sababu ya kufutwa. Githinji hakusema hivyo. Yeye si daktari. Anajua tu kwamba moyo wa mtu ni kama gunia, kwa nje huwezi kuona kinacholiwa.

Walimzika kishambani. Siku hiyo vumbi lilikuwa jingi na hema lilikuwa la mwenyekiti Kinuthia, alilitoa bure na akahakikisha imetangazwa. Mheshimiwa alikuja, na alikuja mapema, kwa sababu matangani hakuna kura ya kuhesabiwa na watu huwa wengi. Alimwita Wakonyo mama wa demokrasia. Alisema Kenya ingekuwa na kina Wakonyo kumi tungekuwa mbali. Watu wakapiga makofi. Githinji alikaa mbele na koti lake la harusi, mkono mfukoni.

Kisha akasimama mwalimu mkuu. Alisoma maisha ya marehemu vizuri. Thelathini na mmoja, akasema, miaka ya kujitolea. Akashusha sauti. Ni kweli, hakuna binadamu asiyekosea. Mama yetu aliwahi kuteleza kidogo mwishoni, kwa uzee, akachanganya maharagwe yenye wadudu siku ya uchaguzi wa watoto. Lakini sisi ni Wakristo. Tulimsamehe.

Mwenyekiti Kinuthia akasema amina.

Basi ndivyo walivyotaka azikwe. Karatasi ile aliyokataa kuiwekea sahihi akiwa hai wakamsainia akiwa ndani ya sanduku, mbele ya watoto aliowalisha. Waliokuwa wamekaa chini kwa sweta zao za kijani waliinua vichwa. Becky alikuwa wa kwanza katika safu, na alikuwa anaiangalia meza ya wageni kama siku ile.

Mwendesha sherehe akamwita mume wa marehemu atoe shukrani, kwa ufupi, kwa sababu mheshimiwa ana mazishi mengine. Mumbi alitaka kumsaidia baba yake kusimama. Githinji akamwondolea mkono.

Hakuwa ameshika kipaza sauti maishani mwake. Alikishika kama mwiko. Akatoa mfukoni ule mkebe wa mafuta ya kupikia, akaufungua ili watu waone yale maharagwe, yale yenye tundu, aliyoyaweka mkewe yakae. Akauinamisha kwenye kiganja.

Ulitoka unga. Unga, na maganda, na wadudu wachache waliokufa wakiwa wameshiba. Miezi mitatu ilikuwa imetosha. Upepo ukapita, ukachukua hata huo.

Kuna aliyecheka pale kwenye meza ya wageni, kidogo, kisha akakohoa.

Githinji alifuta kiganja kwenye koti la harusi. Ushahidi ulikuwa umeliwa. Hakuwa na karatasi, na angekuwa nayo asingeweza kuisoma. Kilichobaki kilikuwa kile alichosikia akiwa kwenye benchi, na hakuna dudu aliyekuwa amekigusa.

Aliwaambia watoto kwanza, kwa sababu wadogo huanza. Aliwaambia siku ile ofisini yeye mwenyewe alimwambia mama aweke kidole, na alikosea, na mama hakuweka. Kisha akageukia meza. Akasema maneno haya si yake, ni ya mke wake, na walioyasikia siku ile ofisini wako hapa wawili, wamsahihishe kama ataacha hata moja. Hakuna aliyemsahihisha. Aliyasema kama Wakonyo alivyoyasema, kwa pumzi moja, kwa sauti ya jikoni:

"Dudu hana makosa, mwalimu, dudu anaingia mahali amefunguliwa, mimi nataka kujua tu, siku hiyo, ni nani alikuwa na kifunguo ya stoo yangu."